UCHAMBUZI: Mikongo ya intaneti yatua Mombasa, Malindi na Kilifi zabakia kubishania kasi

VIJANA wanaokutana jioni katika vibanda vya michezo ya video mjini Malindi na Kilifi huanza kwa kubishania kandanda ya kwenye skrini, na aghalabu humalizia kwa kubishania intaneti. Aliyefungwa hudai kwamba mlinzi wake aliganda kwa sababu mtandao ulikwama. Aliyeshinda humcheka. Kutoka hapo baraza hugawanyika: ni nani mwenye kasi zaidi baina ya Safaricom na Airtel, je, dishi la Starlink lina thamani ya bei yake, na kuna haja gani ya kulipia programu ya tarakilishi ilhali ipo nyingine ya bure?

Watu wazima wengi huuchukulia ubishi huo kuwa porojo za wasio na kazi. Mtazamo huo una kasoro. Katika kaunti ambayo sensa ya 2019 iliihesabia wakazi 1,453,787, vibanda hivyo ni miongoni mwa mahali pachache ambapo mwananchi wa kawaida hujadili kwa kina huduma anayoilipia kila siku: inamfikia nani, kwa bei gani, na kwa nini haimfikii jirani yake. Tatizo ni kwamba mara nyingi wanabishania swali lisilofaa.

Tuanze na jiografia. Mji wa Kilifi uko takriban kilomita 60 kaskazini mwa Mombasa, nao Malindi takriban kilomita 120. Mombasa ndiko iliko milango ya Kenya ya intaneti kutoka ng'ambo. Mkongo wa TEAMS, unaoiunganisha nchi na Fujairah katika Milki za Kiarabu, ulitua huko Juni 2009. SEACOM ulifuata mwezi mmoja baadaye, kisha EASSy mwaka 2010, LION2 mwaka 2012 na PEACE mwaka 2022. Kabla ya 2009 taifa zima lilitegemea setilaiti, huduma iliyokuwa ghali na ya kujikokota. Wanaoikumbuka mikahawa ya intaneti ya enzi hizo wanajua ilivyokuwa kulipia kwa dakika huku ukurasa mmoja ukijifungua kwa madaha.

Kwa hivyo, kwa mizani ya ramani, mkazi wa Kilifi yuko karibu na lango kuliko mkazi wa Nairobi. Mbona basi analalamika?

Wakazi wa pwani hii wana jibu kutoka kwa maji. Maji ya visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki, husafirishwa kwa mabomba hadi Malindi, Kilifi na Mombasa, na hakuna anayehitaji kufundishwa kwamba kuishi kando ya bomba kubwa si sawa na kuwa na mfereji uani. Intaneti ina tabia iyo hiyo. Mkongo unapotua ufuoni, shehena yake husukumwa hadi kwenye vituo vikuu, kisha mwenye mtaji ndiye huamua ni mtaa upi utachimbiwa mtaro wa faiba. Mtaji hufuata nyumba za kupangisha, hoteli na barabara kuu. Ndiyo maana mazungumzo ya Mtwapa na Watamu huhusu kifurushi kipi cha faiba ni bora, ilhali katika sehemu za Ganze na Magarini watu huzungumza kuhusu kilima kipi cha kupanda ili simu inase mnara.

Hali hiyo inaeleza pia ni kwa nini mgeni anayefanyia kazi ya kampuni ya Ulaya katika nyumba ya kukodi ufuoni haoni kasoro yoyote. Kenya ilitangaza kibali maalumu kwa wafanyakazi wa aina hiyo Oktoba 2024, na pwani ya Kilifi ni mojawapo ya maeneo yanayowavutia. Yeye ana faiba, ana dishi, na pengine ana sola ya kumvusha umeme ukipotea. Kijana anayetafuta vibarua vya mtandaoni akiwa Vitengeni anashindania kazi zizo hizo kwa bando la simu.

Turejee kibandani. Kuna jambo moja ambalo wachezaji wanalifahamu vizuri kuliko wauzaji wa huduma wanavyopenda kukiri, nalo ni kwamba kasi na ucheleweshaji ni vitu viwili. Matangazo ya kibiashara hutaja megabiti kwa sekunde, yaani kiasi cha data kinachoweza kupita kwa wakati mmoja. Mchezaji anataka kujua kitu kingine: tangu abonyeze kitufe hadi seva ijibu, zimepita milisekunde ngapi? Wao huiita pingi. Mtu anaweza kuwa na bomba pana ajabu ambalo maji yake hutoka mbali mno.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000 za mkongo, kwenda na kurudi pekee kutachukua milisekunde 100 hata kila mtambo ukifanya kazi bila dosari. Michezo mingi inayochezwa Afrika huwa na seva zake Ulaya au Afrika Kusini. Mchezaji wa Malindi anayepigana na mwenzake wa Kilifi, mwendo wa saa moja na ushei kwa matatu, huenda akawa anatuma kila risasi yake Johannesburg kabla haijamfikia adui. Kumlaumu mwenye mnara kwa jambo hilo ni kumwonea.

Ukweli huo ulijitokeza waziwazi mwaka 2024. Februari mwaka huo mikongo kadhaa iliharibika katika Bahari ya Shamu, ukiwemo wa SEACOM. Kabla jeraha hilo halijapona, Mei 12, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa upande wa kusini, karibu na pwani ya Afrika Kusini. Njia ya kaskazini ilikuwa imedhoofika na ya kusini imefungwa. Kenya na majirani wake walipata intaneti ya kudondoka kwa siku kadhaa. Huko vibandani kila mmoja aliilaani kampuni yake, na waliohamia kampuni nyingine kwa hasira walikuta mambo ni yale yale, kwa kuwa kampuni hizo zote hunywa kutoka visima vichache vilevile.

Ni katika mazingira hayo ambapo Starlink imekuwa kama timu mpya iliyopanda ligi. Kampuni hiyo ya Marekani ilianza kuuza huduma nchini Julai 2023. Mwanzoni vifaa vyake viligharimu zaidi ya Sh80,000, kisha bei ikashushwa hadi takriban Sh45,000 mwaka 2024. Ada ya mwezi ilikuwa Sh6,500, na baadaye kikaja kifurushi cha gigabaiti 50 kwa Sh1,300. Julai 2024 Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano (CA) ikitaka kampuni za setilaiti zilazimishwe kushirikiana na zile zilizo na leseni nchini badala ya kujisimamia. Septemba mwaka uo huo, Safaricom hiyohiyo iliongeza kasi ya faiba yake ya nyumbani bila kupandisha bei. Kifurushi cha chini cha Sh2,999 kikatoka megabiti 10 hadi 15 kwa sekunde.

Msomaji na ajiulize: ikiwa iliwezekana kuongeza kasi hiyo kwa bei ileile, wateja walikuwa wakilipia nini kabla ya mshindani kuingia? Miaka ya malalamiko haikufanikisha kile ambacho dishi lilifanikisha kwa muda mfupi. Kwa maoni yetu, hilo ndilo funzo lenye uzito zaidi katika ubishi huu wote, na ndilo linalotajwa kwa nadra kwa sababu kila upande unashughulika kuitetea timu yake.

Hata hivyo, wanaoiona Starlink kuwa mkombozi wanakimbilia mbali. Novemba 2024 kampuni hiyo ilisitisha kusajili wateja wapya jijini Nairobi na katika kaunti jirani kwa kuwa uwezo wake ulikuwa umejaa, na haikufungua tena hadi Juni 2025. Setilaiti hugawa uwezo wake kwa eneo. Madishi yakirundikana mahali pamoja, kila mmoja hupata kidogo. Maana yake ni kwamba teknolojia hii inafaa zaidi mahali penye watu waliotawanyika kama Bamba na Marafa kuliko penye nyumba zilizobanana. Kwa upande wa wachezaji habari zilikuwa njema: kituo cha Nairobi cha kuunganisha setilaiti hizo na mitandao mingine, kilichoanza Januari 2025, kilipunguza sana ucheleweshaji, kwa kuwa data haikulazimika tena kuzungushwa nchi za mbali kwanza.

Lakini ni familia gani ya Bamba itamudu kununua dishi? Jibu la busara ni kushirikiana: shule, zahanati na maduka ya soko moja kuchanga na kugawana dishi au waya mmoja. Mwaka 2021, CA ilitoa mwongozo wa leseni kwa mitandao inayomilikiwa na jamii, wenye masharti mepesi kuliko yale ya kampuni kubwa. Kifungu hicho cha kanuni kingestahili kutajwa katika kila baraza la chifu, na kwa bahati mbaya hakina mtangazaji, kwa sababu hakuna anayefaidika kwa kukitangaza.

Kuna kejeli fulani ambayo mtu wa Malindi hawezi kuipuuza anaposikia setilaiti zikisifiwa kana kwamba zimezuka jana. Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ndiko Waitaliano walikorushia setilaiti ya San Marco 2 mnamo Aprili 26, 1967, kutoka jukwaa lililosimikwa baharini. Desemba 12, 1970, Marekani iliitumia kambi hiyo kurusha setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya taifa. Urushaji wa mwisho ulifanyika 1988. Kambi ingalipo, ikipokea mawasiliano ya vyombo vya angani, na wavuvi wa kijiji hicho wamekuwa wakiyatazama madishi yake makubwa kwa zaidi ya nusu karne. Kenya na Italia zilitia sahihi mkataba mpya kuhusu kituo hicho mwaka 2016. Kuwa jirani wa teknolojia hakujawahi kumpa mtu wa Ngomeni teknolojia.

Kuhusu programu za tarakilishi, ubishi umepamba moto tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, isipokuwa kwa waliojisajili katika mpango wa kuongezewa muda. Vipakatalishi vingi vinavyouzwa nchini ni vya mtumba kutoka Ulaya, na vile vya zamani havikidhi masharti ya Windows 11, hasa kuhusu kichakataji na kipande cha usalama. Kambi moja inashauri watu wahamie Linux, ambayo ni ya bure na haichoshi mashine kuukuu. Kambi ya pili inasema mwajiri na mwalimu watadai faili za Microsoft. Kambi ya tatu, ambayo ndiyo kubwa ingawa haijitangazi, hupitisha nakala za wizi kwa flashi na kupokezana virusi. Binafsi naona kambi ya kwanza ina hoja kwa mwanafunzi na kwa ofisi ndogo. Tukumbuke kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutafsiri programu huria ya OpenOffice na kuitoa kwa Kiswahili, kwa jina la Jambo, tangu 2004. Lugha yetu haikukataliwa na programu; watumiaji ndio waliozoea Kiingereza.

Ipo pia mikono ya serikali katika bei hizi. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa simu na data kutoka asilimia 20 hadi 15. Mswada wa Fedha wa 2024 ulinuia kuurejesha hadi 20, ukaondolewa Juni mwaka huo kufuatia maandamano ya vijana, wengi wao wakiwa watumiaji haohao wa bando. Juu ya ushuru huo ipo VAT ya asilimia 16. Mchezaji anayelalamika kuwa data imekwisha upesi amechangia hazina ya taifa kabla hajafunga bao.

Zaidi ya hayo, serikali iliyoingia madarakani 2022 iliahidi kilomita 100,000 za faiba, vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma, na vituo 1,450 vya kidijitali, kimoja kwa kila wadi. Kilifi ina wadi 35. Hiyo ni hesabu ambayo haihitaji mtaalamu wa mitandao: mwakilishi wa wadi anaweza kuulizwa kituo cha wadi yake kiko wapi, kina tarakilishi ngapi zinazowaka, na ankara ya intaneti yake hulipwa na nani mfadhili akiondoka. Swali hilo laweza kuulizwa Shimo la Tewa, ambako faiba tayari inapita. Lina uharaka zaidi Adu, Garashi na Bamba, ambako hata ubishi wa Safaricom na Airtel haujapata nafasi ya kuanza.