Mtoto Asiyeziona Nukta



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya neema ya macho, na juu ya elimu ya nuru ambayo wataalamu wa zama hizi wanaitumia kuyasaidia macho hayo. Hatukuyachagua mazungumzo haya kwa kupenda kujionyesha kuwa twajua mambo ya wataalamu. Sisi ni waalimu wa chuo tu. Tumeyachagua kwa sababu ya kosa tulilolifanya wenyewe, ambalo twachelea kuwa wengine wanalifanya hata sasa.

Alikuwako kijana mmoja chuoni petu, si mtundu wala si mtoro. Alikuwa akikaa safu ya nyuma, kwani alikuwa mrefu kuliko wenziwe. Tulipoandika ubaoni tukamwambia asome, ba aliiita ta, jimu akaiita ha, na siku nyingine kha. Tulimwonya, kisha tukamtia bakora, tukamwambia kwamba hana moyo wa elimu. Na juzuu akiishika mkononi alikuwa akisoma vizuri! Jambo hilo lilikuwa mbele yetu mwaka mzima, wala hatukulizingatia. Mwishowe mama yake akampeleka kwa daktari wa macho, akarudi na miwani. Siku ile ile aliusoma ubao wote, naye amekaa pale pale safu ya nyuma. Kumbe herufi alikuwa akizijua, ila nukta zilikuwa hazimfikii. Tulimtaka radhi mbele ya wenziwe, na mpaka leo twaona haya tukikumbuka.

Basi nukta zile zilipotelea wapi? Aliyeufungua mlango wa elimu hii alikuwa Mwislamu, Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Misri karibu na mwaka 1040. Kabla yake wengi katika wanazuoni wa Kiyunani walidhani kwamba jicho lenyewe hutoa mwale ukaenda kukigusa kitu, ndipo mtu akaona. Yeye akasema: mbona mtu akilitazama jua macho humuuma? Hapana budi kuna kinachoingia jichoni kutoka nje. Akafanya majaribio ya nuru ipitayo katika tundu ndogo na kuingia chumba chenye giza, akabainisha kwamba nuru hutoka katika kila nukta ya kitu ikalijia jicho. Aliyaandika hayo katika Kitab al-Manazir, chenye sehemu saba. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, kikapigwa chapa mjini Basel mwaka 1572, na wataalamu wa Ulaya wakajenga juu yake. Mwaka 2015, ambao Umoja wa Mataifa uliufanya kuwa mwaka wa nuru, alikumbukwa kwa kutimia miaka elfu ya kazi yake. Lakini kujisifu kwa babu hakumshibishi mjukuu. Yatupasa tuulize elimu hiyo yatufaa nini majumbani mwetu.

Miale ya nuru ikifika jichoni hupindwa na sehemu ya mbele ya jicho, na lenzi iliyo nyuma ya mboni, ili ikutane juu ya pazia lililo ndani kabisa, liitwalo retina. Ikikutana hapo hasa, mtu huona sawasawa. Jicho la kijana wetu lilikuwa refu kupita kiasi, na miale ya mbali ikikutana kabla ya kulifikia pazia. Basi nukta tatu za tha zikawa kivuli kimoja. Kioo chembamba katikati na kinene pembeni kiliitawanya miale kidogo, ikafika mahali pake.

Mtu mzima ana shida nyingine. Afikapo miaka arubaini au zaidi, lenzi ya jicho lake huwa ngumu, haiwezi tena kujivimbisha ili kutazama kilicho karibu. Ndipo utamwona mzee ameushika msahafu mbali kwa urefu wa mkono, na fat-ha na kasra hazitambui. Dawa yake ni kioo kinene katikati, yaani miwani ya kusomea. Maradhi hayo si adhabu wala aibu. Humfikia kila aishiye.

Pengine msomaji atasema: miwani ni jambo la kale, tangu zama za karne ya 13 Italia walikuwa nayo, utafiti gani uliobaki? Twamjibu kwamba kioo kimepatikana, lakini wengi wanaokihitaji hawajakipata. Hapo ndipo wataalamu wanapofanya kazi.

Nchini Kenya, katika Trans Nzoia, walizifanyia majaribio shule 50, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Waalimu wa shule, si madaktari, ndio waliowapima watoto. Katika nusu ya shule hizo walipima kwa simu ya mkononi, ambayo huonyesha herufi E imegeuzwa huku na huku, na mtoto huonyesha kwa mkono imeelekea wapi. Hata asiyejua kusoma hupimika. Aliyeonekana ana upungufu, wazazi wake walipewa picha ya kuwaonyesha jinsi mtoto wao anavyoona, na kukumbushwa kwa ujumbe wa simu. Katika shule hizo watoto 54 katika kila 100 waliotakiwa kwenda hospitali walikwenda. Katika shule nyingine, zilizotumia kadi na barua kama desturi, walikwenda 22 tu. Tulipoyasoma haya tulijiambia: mzazi si mkaidi, ila hajaona anachokiona mwanawe.

Na kwa watu wazima, huko Bangladesh walipewa miwani ya kusomea watu wanaofanya kazi za mikono, kama ushonaji na ususi. Wengine wakaahidiwa kupewa baadaye, ili walinganishwe. Baada ya miezi minane, pato la waliopewa lilikuwa limezidi lile la wenzao kwa karibu theluthi. Hayo yalichapishwa mwaka 2024. Basi anayemwambia mkewe kwamba miwani ni anasa, ahesabu tena.

Jambo la tatu lawahusu watoto ambao macho yao bado ni mazima. Katika mji wa Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza katika shule sita waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, waliopatwa na udhaifu wa kuona mbali walikuwa kiasi cha 30 katika 100, na katika shule nyingine sita walikuwa karibu 40. Wataalamu wengi wadhani kwamba nuru kali ya mchana hulizuia jicho lisirefuke. Sisi tuwachukuao watoto chuoni mara watokapo shule, na jioni wakashika simu mpaka usiku, tunawaachia wakati gani wa kucheza uwanjani? Ila tuwakataze kulikodolea jua, kwani hilo huharibu macho.

Twaongeza neno moja: si kila ukungu wa macho huondoka kwa miwani. Uko mtoto wa jicho, iko presha ya macho, na yako madhara ya kisukari. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri. Siku hizi kuna chombo, kilichojulikana tangu mwaka 1991, kinachopiga picha ya matabaka ya retina kwa nuru peke yake, bila kisu. Na miale ya leza hutumika kuokoa uoni uliobaki. Lakini mwenye kuchelewa mpaka giza limeingia, aghalabu hapati faida hiyo.

Basi, ndugu zetu waalimu, kabla ya kuinua bakora, mwite mtoto akae mbele, uone kama makosa yake yanapungua. Mzibe jicho moja, kisha la pili, umwulize nukta ni ngapi. Hicho si kipimo cha daktari, bali ni alama ya kumpeleka kwa daktari. Akina mama, msisikilize maneno kwamba miwani huyaharibu macho ya mtoto, au kwamba msichana akivaa hataposwa. Nanyi wazee mlioacha kusoma msahafu mkisema umri umekwenda, nendeni mkapimwe. Huenda kilichowatenga na kisomo ni kipande cha kioo tu.

Mwenyezi Mungu ametukumbusha mara nyingi katika Kitabu chake neema ya masikio, macho na nyoyo. Shukrani ya neema ni kuitunza. Twamwomba atusamehe tuliowaadhibu watoto kwa jambo lisilokuwa kosa lao, na atujaalie tuwe wenye kutazama kabla ya kuhukumu. Amin.