Serikali ikiamuru kiwanda kitengeneze vifaa tiba, nani anabaki nje ya foleni?

Machi 3, 2021 shehena ya kwanza ya chanjo ya Uviko-19 ilitua Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Zilikuwa dozi milioni 1.02 za AstraZeneca, zilizotengenezwa India na kuletwa kupitia mpango wa COVAX.

Kenya ilikuwa imetengewa takriban dozi milioni 3.56 katika mgao huo wa mwanzo. Hesabu ilionekana rahisi: za kwanza wapewe wahudumu wa afya na walio mstari wa mbele, nyingine zinakuja.

Kumbe hazikuwa zinakuja. Wiki tatu baadaye India, ambayo wagonjwa walikuwa wanaongezeka kwa kasi, ilisimamisha usafirishaji wa chanjo nje. Kenya ikalazimika kusogeza muda wa dozi ya pili kutoka wiki 8 hadi 12. Muuguzi aliyekwisha kuchomwa sindano ya kwanza akabaki anasubiri. COVAX haikupata tena chanjo za India mpaka Novemba 2021.

India haikuvunja sheria yoyote ya kimataifa. Ilitumia nguvu ambayo karibu kila serikali inayo wakati wa dharura ya afya: kuhakikisha vifaa tiba vinawafikia kwanza watu wake. Nchi nyingi zimefanya hivyo. Shida ni kwamba nguvu hii haifanani kwa wote, na asiye na kiwanda ndiye anayelipa gharama.

Nguvu zenyewe ni zipi?

Ukiondoa maneno ya kisheria, serikali ina njia nne kubwa za kujihakikishia vifaa:

• Kuruka foleni: kuamuru kiwanda kitengeneze oda ya serikali kwanza, wateja wengine wasubiri.

• Kutoa pesa mapema: kulipia upanuzi wa kiwanda au kununua bidhaa kabla haijatengenezwa.

• Kufunga mlango: kuzuia bidhaa isitoke nchini.

• Kuvuka hataza: kuruhusu mtu mwingine atengeneze dawa bila idhini ya mwenye haki ya ugunduzi, kwa malipo fulani.

Kila moja ina masharti yake. Na kila moja inahitaji kitu ambacho sheria peke yake haiwezi kukileta.

Marekani na sheria ya mwaka 1950

Mfano unaojulikana zaidi ni sheria ya Marekani ya uzalishaji kwa ajili ya ulinzi, iliyopitishwa Septemba 1950 wakati wa Vita vya Korea. Lengo lilikuwa chuma na silaha. Miaka 70 baadaye ikatumika kutafuta barakoa.

Uviko-19 ulipoingia, ghala la taifa la Marekani lilikuwa na barakoa za N95 zipatazo milioni 12. Wizara ya Afya ya nchi hiyo ilikadiria kuwa mlipuko mkubwa ungehitaji bilioni 3.5 kwa mwaka. Nchi tajiri kuliko zote ilikuwa haina hata asilimia moja ya ilichohitaji.

Machi 27, 2020 Rais Donald Trump aliitumia sheria hiyo kuiamuru General Motors itengeneze mashine za kusaidia wagonjwa kupumua. Mkataba uliofuata ulikuwa wa mashine 30,000 kwa dola milioni 489.4, zikamilike kufikia mwisho wa Agosti. Kampuni ya magari, ikishirikiana na watengenezaji wa mashine hizo, iligeuza kiwanda chake cha Kokomo, Indiana na kazi ikafanyika.

Hapo kuna jambo la kuangalia kwa makini. Amri ilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na wa kuamriwa. Kiwanda kilikuwepo, mafundi walikuwepo, wauzaji wa vipuri walikuwepo, na nusu bilioni ya dola ilikuwepo. Sheria ilipanga foleni tu.

Rais Joe Biden naye aliitumia kuharakisha chanjo mwaka 2021, kisha Mei 2022 kutafuta maziwa ya watoto yalipoadimika madukani. Si sheria ya chama kimoja. Ni mazoea sasa.

Foleni ikirukwa huku, kule inasimama

Anayeruka foleni lazima amrudishe mtu nyuma. Aprili 2020 kampuni ya 3M ilisema serikali ya Marekani imeitaka iache kupeleka barakoa Canada na Amerika ya Kusini. Canada ilikasirika, na siku chache baadaye makubaliano yakapatikana: 3M ikaendelea kuuza huko, huku ikiingiza Marekani barakoa milioni 166.5 kwa miezi mitatu, nyingi kutoka viwanda vyake vya China.

Somo la tukio hilo ni kwamba hata mwenye nguvu alihitaji bidhaa za nje. Angefunga mlango kabisa, wengine nao wangemfungia.

Ulaya ilifanya yake. Machi 2021 Italia ilizuia dozi 250,000 za AstraZeneca zilizokuwa zinakwenda Australia, kwa kutumia utaratibu mpya wa vibali wa Umoja wa Ulaya.

Lakini kilichoigusa Afrika Mashariki zaidi hakikuonekana kwa macho. Mapema mwaka huo Taasisi ya Serum ya India, iliyokuwa tegemeo kuu la COVAX, ililalamika kwamba oda za kipaumbele za Marekani zinachelewesha mifuko maalumu na vichujio vinavyotumika kutengeneza chanjo. Aprili 16 mkuu wake, Adar Poonawalla, alimwomba Biden hadharani aondoe kizuizi hicho. Siku tisa baadaye Marekani ikasema itapeleka malighafi.

Ukiunganisha nukta hizo picha inakuja yenyewe. Washington inatoa kipaumbele kwa viwanda vyake, kiwanda cha Pune kinakosa vichujio, India inaelemewa na wagonjwa na kufunga mlango, na kliniki ya Nakuru au Mbale inaweka tangazo kwamba chanjo zimekwisha. Hakuna hata mmoja katika mnyororo huo aliyekaa akapanga kumuumiza mgonjwa wa Nakuru. Hakufikiriwa tu.

Kiwanda kuwa kwako nacho hakitoshi

Mtu anaweza kusema dawa ni moja: Afrika ijenge viwanda vyake. Ni kweli, ila Afrika Kusini inaonyesha kwamba haitoshi.

Mwaka 2021 kiwanda cha Aspen kilichopo Gqeberha kilikuwa kinajaza chanjo ya Johnson & Johnson kwenye vichupa. Sehemu ya dozi hizo ilisafirishwa kwenda Ulaya, wakati Waafrika Kusini walio wengi hawajachanjwa. Serikali haikuweza kuzuia, kwa sababu mkataba iliotia saini uliiondolea haki ya kuweka zuio la kusafirisha. Kelele zilipokuwa nyingi, Ulaya ilikubali kubadili utaratibu huo.

Kwa hiyo jengo lilikuwa Afrika, wafanyakazi walikuwa Waafrika, ila uamuzi wa gari liende wapi ulikuwa umeshauzwa.

Njia ya kuvuka hataza nayo ina historia yake hapa jirani. Azimio la Doha la mwaka 2001 lilithibitisha kuwa nchi zinaweza kutoa leseni ya lazima ili kulinda afya. Sheria ya Kenya ya mali za viwandani ya mwaka huohuo nayo inaipa serikali nafasi ya kutumia ugunduzi wenye hataza kwa maslahi ya umma.

Rwanda ndiyo ilikuwa nchi ya kwanza duniani kutumia utaratibu wa kuagiza dawa kwa njia hiyo. Julai 2007 iliarifu Shirika la Biashara Duniani kwamba itanunua dawa za VVU kutoka kampuni ya Apotex ya Canada. Shehena ya kwanza ilifika Septemba 2008. Zaidi ya mwaka mzima wa makaratasi! Kwa ugonjwa unaoenea kwa wiki, mwendo huo hauokoi mtu.

Dharura inapogeuka mlango wa nyuma

Kuna upande mwingine ambao hauhusu Marekani wala India. Nguvu za dharura zinaondoa taratibu za kawaida za ununuzi ili vifaa vifike haraka. Taratibu hizo ndizo zinazozuia wizi.

Kenya iliona mwaka 2020. Ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu mamlaka ya ugavi wa dawa na vifaa tiba, KEMSA, ulihoji ununuzi wa takriban Sh7.8 bilioni za Kenya. Kulikuwa na kampuni zisizo na uzoefu zilizopewa kazi, na bei zilizozidi za soko. Bei za dunia ziliposhuka, vifaa vingi vilikwama ghalani kwa sababu hakuna aliyetaka kuvinunua kwa bei ile. Wakati huohuo wahudumu wa afya walikuwa wanagoma wakidai vifaa vya kujikinga.

Mwaka huohuo kulikuwa na mfano wa kinyume. Kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui, KICOTEC, kilichozoea kushona sare, kiligeukia barakoa ndani ya muda mfupi. Hapakuhitajika sheria ya vita. Kulikuwa na cherehani, mafundi na mnunuzi wa uhakika.

Tofauti ya mifano hiyo miwili si haraka, maana yote ilifanyika haraka. Tofauti ni kama kuna bidhaa inayotoka, na kama mwananchi anaweza kuona bei.

Mpox: mtihani wa pili

Je, somo lilieleweka? Mpox ilitoa jibu mapema kuliko wengi walivyotarajia.

Aina mpya ya kirusi hicho ilianzia Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023. Chanjo ilikuwepo tayari, inatengenezwa na Bavarian Nordic ya Denmark, na Marekani ilikuwa imeigharamia kwa miaka mingi kwa hofu ya ndui kutumiwa kama silaha. Nchi tajiri ziliitumia mwaka 2022 mlipuko ulipozifikia.

Agosti 13, 2024 Africa CDC ilitangaza dharura ya bara, kesho yake WHO ikatangaza ya dunia. Dozi za kwanza, karibu 100,000, zilifika Kinshasa Septemba 5. Uchanjaji ulianza Goma Oktoba 5. Watu wa Kivu, waliokuwa wa kwanza kuugua aina hiyo, walikuwa wa mwisho kwenye foleni ya chanjo iliyokwishalipiwa na wengine.

Mambo matatu ya kufuatilia

Mosi, makubaliano ya dunia. Mei 20, 2025 nchi wanachama wa WHO zilipitisha mkataba wa magonjwa ya mlipuko. Watengenezaji watakaojiunga watatakiwa kuipa WHO fursa ya kupata asilimia 20 ya uzalishaji wao wakati wa mlipuko, angalau nusu yake ikiwa msaada. Ila kiambatisho chenye utaratibu wenyewe kiliachwa kijadiliwe baadaye, na Marekani haimo. Ahadi ya karatasi itakutana na sheria ya 1950 siku moja.

Pili, viwanda. Umoja wa Afrika unataka asilimia 60 ya chanjo za bara zitengenezwe hapahapa ifikapo 2040. BioNTech imejenga Kigali, Bohari ya Dawa ya Tanzania imejenga kiwanda cha mipira ya mikono Idofi, Njombe, na Gavi imetenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa watengenezaji wa Afrika. Viwanda hivyo vitasimama iwapo serikali zitanunua bidhaa zake hata miaka isiyo na mlipuko, pamoja na kwamba za nje zinaweza kuwa rahisi kidogo.

Tatu, mikataba. Siku kiwanda kinazinduliwa na utepe unakatwa, swali la kuuliza si kitatoa dozi ngapi. Ni nani ana haki ya kuamua dozi ziende wapi siku ugonjwa ukiingia, na je, mkataba huo uko wazi wananchi wausome?

Maswali hayo yana majibu mazuri zaidi yakiulizwa sasa, maghala yakiwa yametulia. Machi 2021 yalipoulizwa Nairobi, ndege ya pili ilikuwa imeshafutwa.