Sitara ya mtuhumiwa nayo ni sitara

Simu ikiwa hewani huwasiliana na minara, iwe Darajani au Nungwi, na kampuni hujua iko upande gani. Laini zetu nazo zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo ikijulikana simu ilipo, mwenyewe kajulikana.

Polisi wamsake mwizi, hilo tunaliunga mkono. Lakini mtuhumiwa bado hajahukumiwa, na nyendo zake zinafichua pia walipo mkewe na mamake. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, inalinda faragha ya mtu, familia yake na mawasiliano yake. Suratul-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana.

Basi tunasema: hakimu aridhie kwanza kwa maandishi, ndipo simu ifuatwe.