Vijia vya Jambiani Vinazibwa

Bwana Mhariri,

Naomba unifanyie hisani ya nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo kwa muda sasa limewakera wakaazi wa kijiji chetu cha Jambiani, kilichoko pwani ya mashariki ya Unguja, na ambalo nina yakini kuwa wasomaji wako wa Paje, wa Bwejuu, wa Makunduchi na hata wa Nungwi huko kaskazini wakilisoma watasema na kwao limo. Jambo lenyewe ni kuzibwa kwa vijia vya nyuma, vile vinavyopita baina ya nyumba na nyumba na baina ya kiunga na kiunga, ambavyo wazee wetu walivikanyaga kabla haijawapo barabara ya lami, na ambavyo siku hizi mtu huamka asubuhi akakuta ukuta wa matofali umesimama pale alipopita jana magharibi.

Anayekuja kwa gari hawezi kuujua msiba huu, kwa kuwa yeye huiona Jambiani kuwa ni kijiji chenye njia mbili tu, ya lami upande wa nchi kavu na ya mchanga upande wa bahari, na katikati yake mapaa ya makuti na ya mabati yaliyosongamana pasi na mpango. Tunaopanda baiskeli ndio tunaojua kwamba mpango upo, tena wa zamani: kijia hiki huelekea kisimani, kile msikitini, kile chuoni wanakosoma watoto wetu Kurani, na kile makaburini, na kwa kuwa kijiji kimejinyoosha kando ya bahari kwa masafa marefu, muuza mikate wa alfajiri, mchuuzi wa samaki na mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa katika ncha ya pili hawana budi kuvipita vijia hivyo kwa baiskeli, maana ndivyo vinavyowafikisha milangoni mwa watu.

Nitataja kijia kimoja tu, kile wanachopita kina mama wa mwani, ili nisidhaniwe kuwa nasema kwa dhana. Kilimo cha mwani kilianza huku kwetu, Paje na Jambiani, katika mwaka 1989, na tokea hapo wanawake wetu hushuka pwani siku za maji ya bamvua, bahari inapotoka ikaacha mchanga wazi masafa marefu, wakafunga vipande vya mwani katika kamba zilizowambwa baina ya vigingi, na wakati wa kuvuna wakajaza magunia. Gunia la mwani mbichi, linalochuruzika maji ya chumvi, ni zito kuliko anavyodhani asiyewahi kulinyanyua. Basi mama hulipandisha juu ya keria ya baiskeli, mwanawe akashika usukani na kusukuma, naye mwenyewe akaliegemeza kwa mikono miwili kwa nyuma, wakakipanda kijia polepole mpaka uani unakoanikwa mwani. Upana wa kijia hicho haukuzidi baiskeli na gunia lililofurika huku na huku: kushoto ukuta wa mawe ya matumbawe yaliyopangwa bila ya chokaa, kulia ua wa makuti, na chini mchanga mweupe mwororo, ambao mpira wa baiskeli huzama ndani yake, na kwa ajili hiyo vijana wetu hawaujazi upepo hata ukawa mgumu. Kwenye pembe lazima upige kengele, kwani nyuma ya pembe hiyo kina mama hukaa wakisuka ukili na miguu wameinyoosha njiani. Nao huikunja bila ya kuinua macho, maana kila kengele wanaijua ni ya nani.

Kijia hicho leo kinaishia ukutani. Ukuta ni wa matofali ya saruji, umepakwa chokaa nyeupe na kupandikizwa vigae vya chupa juu yake, na aliyeujenga hakuona tabu hata kidogo kuupitisha katikati ya njia, ilhali alama za mipira ya baiskeli zilikuwa bado zimo mchangani, zikiingia chini ya msingi wake. Nilipomwuliza kijana aliyewekwa mlangoni, aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo, mzee," kisha akaniambia kuwa hapo hapana njia, ni mali ya watu. Simlaumu, kwani na yeye yuko kazini. Nilikwenda afisi iliyonipasa, wakanipeleka ya pili, na ya pili wakanikunjulia ramani, akaniashiria mtumishi wao kwa kalamu: "Mzee, hiyo njia yako haimo humu." Ni kweli haikuwamo. Lakini haukuwamo vilevile msikiti wetu mdogo wa nyuma, wala kisima, wala makaburi ya wazee wetu, na sijasikia mtu akidai kuwa hivyo havipo.

Hapo ndipo ilipo dhuluma ninayoilalamikia. Ramani ile imechorwa na mtu aliyesimama barabarani akatazama bahari, akaona kiwanja. Lau angaliingia ndani kwa baiskeli, au kwa miguu, angaliona kuwa anachokiita kiwanja kimepitiwa na njia za watu. Wanaotoa ardhi husema kuwa ardhi ya Zanzibar ni ya Serikali, na hilo sisi hatulikanushi, maana tangu baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 mambo ndivyo yalivyo, na Sheria Namba 12 ya mwaka 1992 imetamka kuwa ardhi ni ya umma na imewekwa chini ya Rais. Lakini maadamu ardhi ni ya umma, basi njia ya umma iliyomo katika ardhi hiyo inastahiki kuhifadhiwa zaidi, si kuhifadhiwa kidogo. Na anayepewa haki ya kuitumia ardhi kwa miaka kadhaa hakupewa haki ya kuwakatia wenzake njia ya kuendea chomboni, kondeni au makaburini.

Nimetaja makaburini makusudi. Dini yetu imetuhimiza kuharakisha kumzika maiti, na jeneza huchukuliwa mabegani na watu wanaopokezana, kila mmoja akitafuta thawabu ya hatua zake. Njia ya karibu ilipozibwa, jeneza hulazimika kutokea barabara ya lami, ambako gari za abiria na za watalii hupita kwa kasi, na mazishi yakawa ya kusimama na kungoja. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wa sallam, alipohukumu juu ya njia inayogombaniwa, aliijaalia iwe dhiraa saba, yaani takriban mita tatu na zaidi kidogo. Na katika mafunzo yake, kuondoa njiani kitu chenye kuudhi ni tawi katika matawi ya imani. Ikiwa kuondoa mwiba njiani ni imani, sijui kuweka ukuta njiani kuitweje.

Insafu inanilazimisha niseme pia kuwa si wageni wanaopewa viwanja vya mahoteli peke yao wanaotubana. Wamo wenzetu, wazaliwa hasa, ambao wakiongeza chumba husogea mkono mmoja kijiani, na wakichimba shimo la choo hulichimba pale pale panapopita watu, na kifusi cha nyumba ya mwaka juzi bado wamekimwaga njiani wakingoja bei ya saruji ishuke. Mkono mmoja wa huyu na mkono mmoja wa yule, kijia hugeuka upenyo, na upenyo ukishakuwa haupitishi baiskeli husemwa kuwa hautumiki, kisha hutiwa katika hesabu ya kiwanja cha kuuza. Wala hatuwachukii wenye mahoteli, kwani vijana wetu wanapata riziki kwao na wachuuzi wetu huwauzia samaki na pweza. Linalostaajabisha ni kwamba baadhi yao wana baiskeli za kukodisha, na huwatembeza wageni wao kwa ujira katika vijia hivi hivi ili waone maisha ya kijiji. Basi mgeni anayelipia kupita nyuma ya nyumba zetu hupitishwa, na mwenyeji anayetaka kupita kando ya nyumba ya mgeni huambiwa arudi.

Rai yangu kwa wenye mamlaka ni nyepesi na haihitaji fedha nyingi. Kwanza, kabla ya kiwanja chochote kingine kutolewa katika vijiji vya pwani, mpimaji na aje akutane na wazee na kina mama wa mwani, na wapite pamoja katika kila kijia, kwa baiskeli ikiwezekana, wakiviandika katika ramani kimoja kimoja. Pili, kila mkataba mpya uwe na sharti la kuacha njia ya kufika pwani na makaburini, isiyopungua upana wa dhiraa saba, iliyo wazi usiku na mchana na isiyokuwa na mlango wala mlinzi. Tatu, njia zilizokwishazibwa, na wanaoshuhudia kuwapo kwake wangali hai, zifunguliwe kwa maelewano mema, na asiyekubali maelewano afikishwe mbele ya sheria kama afikishwavyo mtu mwingine yeyote. Na wanakijiji wenzangu nawaomba, kwa hisani yao, waondoe vifusi vyao wiki hii, ili tutakapodai haki yetu tusionyeshwe taka zetu.

Wazee wanaojua kila kijia kilipoanzia na kilipoishia wanapungua mwaka hadi mwaka, na ushahidi wao hauko kwengine ila vifuani mwao. Namwomba anayehusika aje awasikilize wakiwa hai, na tutamtafutia baiskeli ya kuendea.

Wako mtiifu,
Mzaliwa wa Jambiani,
Unguja Kusini.