Mkunga, imani yake na sheria ya Sweden

Binti mmoja wa hapa Hallonbergen, anayekaribia kumaliza masomo ya uuguzi, ameniuliza: "Shikamoo mama. Nikiendelea na ukunga, naweza kukataa kushiriki utoaji mimba kwa ajili ya imani yangu?"

Marahaba mwanangu. Swali lako si lako peke yako. Kwetu Kenya na Tanzania sheria yenyewe inabana utoaji mimba, kwa hiyo wengi wetu hatukulelewa tukijiuliza jambo hili. Huku ni tofauti. Sheria ya Sweden ya mwaka 1974 inamwachia mwanamke uamuzi hadi mwisho wa wiki ya 18, wala haina kifungu cha kumruhusu mhudumu kujitoa. Uingereza na Norway wanacho.

Mkunga Ellinor Grimmark alilijaribu. Alikosa kazi mkoani Jönköping baada ya kusema imani yake ya Kikristo haimruhusu, akashtaki kwamba amebaguliwa. Aprili 2017 Mahakama ya Kazi ilimkatalia. Alipofika Strasbourg, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu nayo ililitupa shauri lake mwaka 2020, pamoja na la mkunga mwenzake, Linda Steen. Majaji hawakuidharau imani yake. Walisema aliichagua kazi hiyo kwa hiari, akijua inahusisha nini.

Wapo watakaoona hukumu hiyo ni kali, na ninawaelewa. Mtu akilazimishwa kutenda anachoamini ni dhambi, anaumia kweli. Lakini mgonjwa naye hachagui nani yuko zamu siku hiyo, na hakuja kuhukumiwa.

Kwa hiyo, mwanangu, jiulize sasa, kabla ya kuingia darasani, usingoje ufike wodini. Ukunga ni mwaka mmoja na nusu juu ya uuguzi, si muda wa kupoteza. Kama moyo unakataa, uuguzi una milango mingi: watoto, wazee, magonjwa ya moyo, afya ya akili. Ukiomba kazi, sema ukweli mapema. Na popote utakapokuwa, mwanamke anayevuja damu mhudumie kwanza, bila kumuuliza imekuwaje.

Nanyi wazazi, msimchagulie. Zamu ataingia yeye, na dhamiri ni yake.