Nyika Si Ardhi Tupu

Katika uwanda wa Liben, karibu na mji wa Negele kusini mwa Ethiopia, huishi ndege mdogo mwenye rangi ya nyasi kavu, atagaye mayai yake chini, kando ya shina la majani. Kipozamataza huyo wa Liben alielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1975. Mwaka 2009 aliwekwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani.

Wapo watakaouliza: wananchi wenye shida zao wana haja gani na ndege asiyeliwa wala kuuzwa? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili kujibiwa kwa hoja, si kwa huruma.

Jibu limo katika nyasi zenyewe. Ndege huyu huhitaji majani marefu ya kufichia kiota. Ng'ombe wa Waborana huhitaji majani hayo hayo. Kwa vizazi vingi wafugaji hao walihama kwa majira, wakaichoma nyika ili vichaka visienee. Katika miaka ya 1970 moto ulipigwa marufuku, miiba ikatamalaki. Sehemu nyingine zikalimwa. Mifugo ikabanwa katika eneo lililobaki, nyasi zikaliwa hadi mizizi, viota vikakanyagwa. Kilichomwangamiza ndege ndicho kilichomkondesha ng'ombe.

Dawa imepatikana kwa Waborana wenyewe. Desturi yao ya kalo, yaani kuzungushia uzio sehemu ya malisho ili ipumzike, imefufuliwa Liben, na ndani ya uzio nyasi zimerudi pamoja na ndege. Wasukuma wanaijua hekima hiyo kwa jina la ngitili, ambayo mradi wa HASHI uliifufua Shinyanga kuanzia mwaka 1986. Hata hivyo, uzio pekee hautoshi. Pasipo makubaliano ya wazi juu ya nani alishe na lini, malisho ya wote yatageuka mali ya wenye nguvu.

Kwa hiyo mtumishi wa umma anayepanga matumizi ya ardhi hana budi kumwuliza mfugaji sababu ya desturi yake kabla ya kutia saini amri ya kuizuia. Naye mwalimu asimfundishe mtoto kwamba nyika isiyolimwa ni ardhi tupu. Liben haikuwa tupu hata siku moja.