Shabaha ya manati haiongezwi kwa kuvuta sana

Nimeadimika kidogo, si mnajua tena mambo ya field. Nimerudi chuo salama, ila kuna jambo limenikaa rohoni, leo nalitoa.

Kule nilikokuwa nafundisha Fizikia, dogo mmoja wa kidato cha pili alikamatwa na manati. Akachapwa, manati ikatupwa juu ya kabati la stafu. Mimi kimyaa.

Jioni nikaichukua, nikaweka kopo kwenye kichuguu, mita 15 hivi. Mawe 10, nikapata moja! Nikatumia dawa ya utotoni: vuta zaidi. Mkono ukaanza kutetemeka, nikakosa yote.

Kesho yake nikamuuliza dogo kwa siri. Akainama, akasema: "Mwalimu, mpira wa kushoto umechoka. Halafu mawe hayalingani."

Jamani, nilijisikia vibaya! Mpira mmoja ukilegea, ule mwingine unavuta ngozi upande wake na jiwe linakwenda pembeni. Ukivuta zaidi hujatibu kitu. Nikakata vipande viwili vipya kwenye tyubu ileile, nikapima kwa rula, upana sawa, urefu sawa. Matundu ya ngozi nikayatoboa umbali sawa kutoka katikati. Kila nikivuta, naishia palepale chini ya shavu.

Mawe nayo? Piga hesabu. Jiwe la gramu 12 likitoka kwa mita 30 kwa sekunde, likifika mita 15 limeshashuka kama mita 1.2. Lete la gramu 10 kwa nishati ileile: linakwenda kasi zaidi, linashuka kama mita 1 tu. Tofauti ni sentimita 20, na hapo upinzani wa hewa nimeuacha. Kopo lenyewe halifiki urefu huo! Dogo anafinyanga vidongo vya udongo vinavyolingana, anavianika. Nikafanya hivyohivyo, nikapata 6 kati ya 10.

Sasa hoja yangu. Tunaandika sheria ya Hooke ubaoni, watoto wanakariri, mtihani wanafeli. Anayeijua kwa mikono yake tunamchapa. Akifeli tena, tunaongeza viboko, yaani na sisi tunavuta zaidi badala ya kuangalia mpira upi umechoka. Kwa maoni yangu manati iingie kwenye kipindi: rula, mizani, kopo, daftari la matokeo. Gharama yake ni kipande cha tyubu kuukuu.

Najua wapo watakaosema manati inavunja vioo na kutoboa macho. Ni kweli kabisa, na jicho halina spea. Ndiyo maana nasema ifanyike mwalimu akiwepo, nyuma ya kopo kuwe na kichuguu, mbele asisimame mtu, na ndege waachwe na maisha yao. Ukimnyang'anya tu, ataenda kutengeneza nyingine porini, huko hakuna wa kumwambia hayo.

Kinachoniuma ni kwamba haya yote sikuyasema stafu. Niliogopa kuonekana mwanafunzi wa chuo anayejifanya anajua. Siku ya kuondoka niliirudisha manati juu ya kabati, na mipira yake mipya. Dogo hajui mpaka leo kwamba alinifundisha.

Walimu watarajiwa wenzangu, nyie mngefanyaje? Semeni ukweli.

Tuko pamoja.